Madam wa Mashine ya Unga

Ukiona mtu mzima anatembea mjini Machakos saa kumi na mbili jioni, mabega meupe kama andazi lililogaragazwa kwenye unga, midomo inacheza peke yake, usimkimbilie na maombi. Hajapagawa. Ametoka kwa Madam.

Madam alifundisha watu wazima kusikia na kuongea Kiingereza, Jumatano na Jumamosi, katika chumba kilichopakana na mashine ya kusaga unga. Wale wa kuanzia a, e, i, o, u aliwapeleka kwingine. Wake walikuwa wa katikati. Hao ni watu wanaosoma gazeti la Kiingereza kutoka juu hadi chini, hata matangazo ya vifo wanayaelewa vizuri, lakini mtu akiwasalimia kwa Kiingereza wanageuka nyuma kuona ni nani huyo anayesalimiwa. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Ndivyo nilivyomjua Madam, na ndivyo maisha yangu yalivyoharibika. Nitafika hapo.

Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, mimi sijui. Nilimwuliza siku moja akanitazama juu ya miwani, akasema, "Kwani wewe ndiye chifu?" Basi nikaachana na hiyo habari.

Ninachojua ni kwamba alikuwa mfupi, alivaa raba za wanaume, na miwani yake ilishikiliwa na uzi wa katani, ule wa kusukia vyondo, vikapu vyetu. Vitabu alivibeba ndani ya kyondo, na ndani ya kyondo hicho hicho, kati ya vitabu, kulikuwa na hindi la kuchoma. Hindi hilo lilikuwa la kufundishia. Alilitafuna huku akiongea Kiingereza, mdomo umejaa, na wanafunzi wanatakiwa kuandika alichosema.

"Madam, si umeze kwanza?" mtu mgeni alikuwa lazima aulize.

"Huko nje kuna mtu atameza kwanza ndio akuongeleshe?"

Kuhusu ile mashine, watu walidhani alikichukua chumba hicho kwa kukosa kingine. Uongo. Kanisa moja lilimpa ukumbi wenye mapazia, kimya kama maji ya mtungi, akakataa. "Kimya ni cha mtihani," akasema, "na nyinyi mitihani mlishamaliza. Benki kuna mtoto analia. Hospitali kuna toroli. Mtasikilizia hapa." Mashine ikianza kunguruma ukutani, yeye alifungua dirisha. Unga ukaingia kama umealikwa. Halafu, badala ya kupaza sauti, aliishusha, na wazee wazima wakainama mbele wote pamoja kama watu wanaoota moto.

Mimi nilikuwa nikikaa nyuma na kitabu cha hesabu, nikijifanya nafanya hesabu. Mama alikuja nami kila Jumamosi kwa sababu, alisema, nikiachwa nyumbani peke yangu nyumba inaweza kuhama.

Sasa, mwalimu wa kusikiliza, ungedhani anasikiliza. Wapi! Sijaona binadamu asiyesikiliza kama Madam. Ukianza sentensi anaimaliza yeye, tena siyo jinsi ulivyotaka iishe. Simu ikilia anaishika mbali na sikio, anasema yake, anakata. Mama alikuwa na neno lake: "Madam anasikia kila kitu isipokuwa kile anachoambiwa."

Tena, pamoja na Kiingereza chote hicho, aliomba kwa Kikamba, alihesabu kwa Kikamba, na akikasirika hakuna neno la Kiingereza lililosogea karibu. "Kiingereza ni cha kazi," alisema. "Hasira ni ya nyumbani."

Na Kiswahili? Hapo ndipo nilipompata.

Darasani kulikuwa na Bi Zuhura, fundi cherehani, ambaye watu wake walikuja kutoka Pwani zamani wakaweka duka karibu na msikiti. Bi Zuhura akifungua mdomo, Kiswahili kinatoka kimepigwa pasi kama kanzu ya Ijumaa. Wengine wote tuko na hiki chetu cha "hii kitu" na "niko na njaa", na hatuoni shida. Lakini Madam mbele ya Bi Zuhura aliishiwa. Alibaki na maneno matatu: chai, asante, kesho. Yakihitajika zaidi, alikimbilia Kiingereza. Bi Zuhura naye, ambaye alikuja kwa sababu Kiingereza kinamtia jasho, akabaki anatikisa kichwa. Wakati wa chai walikuwa wakikaa bega kwa bega, kila mmoja anaiogopa lugha ya mwenzake, wanapulizia vikombe vilivyokwisha kupoa. Mimi nilikuwa nikicheka mpaka naingiza kichwa ndani ya kitabu cha hesabu.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja, maneno mawili tu: "Again, please." Rudia, tafadhali. Kila mwanafunzi alitumwa nyumbani na kazi ya kuyasema mara tatu kwa watu asiowajua kabla ya kipindi kijacho, na bila kuomba msamaha. Hiyo ya msamaha ndiyo iliwashinda. Watu wetu wamelelewa na adabu. Mtu hajasikia, anasema pole.

"Pole ya nini?" Madam anauliza. "Yeye ndiye amekimbia na maneno. Mwambie arudi nayo."

Fundi wa mawe, mzee mmoja mwenye mikono kama makasia aliyekuwa akija kutoka machimbo ya Mlolongo, alijaribu kwa askari wa barabarani. Alirudi akasema askari alirudia mara tatu, halafu akachoka akamwacha aende. Darasa likampigia makofi. Mama yangu hakupiga. Alikuwa anaandika. Nikaona hatari.

Huyo fundi ndiye aliyekaribia kulivunja darasa. Ilikuwa juu ya diski. Kama ulisoma shule zetu unaijua: kipande cha mbao chenye kamba, unavishwa shingoni ukikamatwa unaongea lugha ya nyumbani, na unatembea nacho kama ng'ombe wa maonyesho mpaka umkamate mwingine. Madam aliitoa yake ndani ya kyondo, imeng'aa kwa kuguswa na shingo za watoto wengi. Aliiiba, mwenyewe alisema bila haya, akiwa darasa la sita, ili shule ikose. Kwake iligeuzwa: aliyevishwa ni yule aliyenyamaza. Na huivui mpaka usimame useme habari moja, kwa Kiingereza, yako mwenyewe, hata ikiwa imevunjika mguu.

Siku fundi alipoiona, alisimama. Unga wote wa mabegani ukaanguka.

"Hiyo kitu ndio ilinitoa shule," akasema kwa Kiswahili. Mashine ilikuwa imezimwa, kila mtu alisikia.

Tulidhani Madam atamkatiza, kama kawaida. Hakumkatiza. Alimpa diski mkononi, akaenda kwa mwenye mashine, akarudi na nyundo.

"Ivunje."

Mzee aliitazama nyundo, akaitazama mbao. Mtu wa mawe, angeimaliza kwa pigo moja. Halafu akajivisha mwenyewe, akasimama, akaongea Kiingereza dakika nne kuhusu namna unavyogonga jiwe na kujua kwa sauti kama ndani lina ufa. Mimi nilikuwa nimeshaandaa kucheka. Kicheko hakikuja.

Haya, sasa mimi.

Tangu darasa la nne nilikuwa mkalimani wa mama. Mama alisoma mpaka kidato cha pili, anasoma Kiingereza bila shida, lakini kikisemwa mbio kinampita kama lori la kokoto, na mdomo unajifunga. Basi popote penye Kiingereza cha mdomo, nilisimama katikati. Hiyo ni mamlaka kubwa kumpa mtoto kama mimi. Siku ya wazazi mwalimu wa darasa alisema, kwa Kiingereza cha shule yetu isiyotaka kusikia lugha nyingine, kwamba nina akili lakini nawasumbua wenzangu.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema niko na akili, na wenzangu nawachangamsha."

Wiki iliyofuata mama alimpelekea mwalimu kuku wa kumshukuru. Mwalimu alimpokea kuku kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe.

Lakini mama anasoma, nimesema. Ripoti ya muhula ilipokuja, aliiweka mezani karibu na sahani yangu ya muthokoi. "Mueni," akasema taratibu, "mwandiko wa mwalimu na mdomo wako havijuani." Jumamosi hiyo akaenda kwa Madam. Tangu hapo, kila neno alilolinasa mama lilikuwa jiwe moja linaondoka kwenye nyumba yangu.

Nilipofika kidato cha tatu nikafanya ile kitu.

Naibu wa mwalimu mkuu, tunamwita Naibu kwa sababu jina tulilompa sisi haliandikiki, ana Kiingereza cha puani kinachokimbia kuliko yeye mwenyewe. Mimi naweza sauti za watu. Ni kipaji, au ni ugonjwa, inategemea unamwuliza nani. Asubuhi moja baada ya gwaride nikakuta kipaza sauti kimeachwa wazi. Nikatangaza, kwa pua ya Naibu, kwamba masomo yanaisha saa sita kwa ajili ya mkutano wa dharura. Saa sita na dakika tano shule ilibaki na mpishi na paka. Hata walimu wawili waliondoka.

Nikatumwa nyumbani. Barua ikasema kamati ya nidhamu itakaa Alhamisi kuamua kama narudi shule au sirudi kabisa, na mzazi aingie peke yake. Mwanafunzi abaki nje.

Mama alisoma barua mara mbili. Hakunipiga. Ingekuwa afadhali. "Watasema juu ya mtoto wangu," akasema, "na mimi nitakaa hapo kama gunia." Jumatano akanishika mkono kama nina miaka mitano, mpaka kwa Madam.

Mama akaanza kueleza. Madam, bila shaka, hakumwacha amalize. Alinigeukia.

"Wewe ndiye hiyo sauti?"

"Ndio, Madam."

"Ilete."

"Madam?"

"Ilete hapa. Yote. Na haraka yake."

Akafungua dirisha, mashine ikanguruma. Fundi wa mawe akawa mwenyekiti wa kamati. Bi Zuhura akapewa kazi ya kukohoa na kuangusha kalamu. Mama akawekwa kwenye kiti katikati, mikono imeshikana magotini. Na mimi nikasimama mbele yake, nikawa Naibu, nikasoma mashtaka dhidi ya Mueni.

Niseme ukweli, nilianza kwa furaha. Wanafunzi walikuwa wanacheka, nami nikichekewa huwa sijui kuacha. Mara ya kwanza mama hakushika kitu. Macho yake yalikuwa yananikimbilia mdomoni kama kifaranga anayefuata punje.

"Again, please," akasema, kwa sauti ya kuomba maji.

"Pole ya nini?" Madam akamkaripia.

"Sijasema pole."

"Uso wako umesema. Tena! Na wewe, Naibu, kimbia zaidi."

Tukarudia. Mara ya tano, ya sita. Unga ukatukaa kwenye nyusi. Mara ya saba, mama aliinua mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ngoja. Walimu wawili pia waliondoka?"

Hiyo sikuwa nimemwambia. Na paka sikuwa nimemwambia. Nyumbani nilikuwa nimempa toleo fupi, la kutaniana kidogo tu na kipaza sauti. Nilikuwa nimesimama pale na pua ya Naibu, nimejishtaki mwenyewe kwa mama yangu, neno kwa neno, na safari hii hakuna mkalimani wa kunisaidia.

"Aiya," mama akasema. Kisha, kwa Kiingereza, wazi kabisa: "Endelea. Nakusikia."

Alhamisi nilikaa kwenye benchi chini ya dirisha la ofisi. Mtu wa kunikataza alikuwa amekwenda chai. Nikamsikia Naibu akianza, mbio, puani: utovu mkubwa wa nidhamu, kujifanya afisa wa shule, uchochezi wa wanafunzi. Kwa kasi ile hata mimi nilijiogopa.

Halafu mama.

"Again, please."

Naibu akarudia, amepunguza mwendo. Kwamba binti huyu alijifanya yeye, akawadanganya wanafunzi.

"Again, please. Taratibu. Nataka kukusikia vizuri."

Pua ikashuka. Naibu akasema, kama mtu anayesoma barua ya mwingine, kwamba Mueni aliongea kama yeye kwenye kipaza sauti, na watu wakaenda nyumbani mapema.

Kuna mtu aliyecheka humo ndani kisha akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Hiyo ndiyo siri ambayo Madam hakuwahi kuieleza. Kitu cha kutisha, ukikirudisha mara tatu, kinarudi kimepungua.

Kisha mama akasema sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema katika lugha hiyo. Mimi nitaieleza kwa yetu. Alisema mtoto wake amekosa, hilo hapingi. Alisema walimu wawili pia waliondoka, na angependa kujua wao wanaitwa siku gani. Na alisema msimfukuze, kwa sababu nyumbani atafanya nini, ataniongelesha kwa sauti ya nani? Ana sauti. Mpeni atangaze kila asubuhi, muhula mzima, kwa sauti yake mwenyewe. Na ukumbi afagie.

Wakakubali haraka sana, hasa baada ya ile ya walimu wawili. Nimewahi kuadhibiwa na watu wengi, lakini hakuna aliyenijua kiasi hicho. Kufagia si kitu. Asubuhi ya kwanza nilisimama mbele ya kipaza sauti bila pua ya mtu yeyote, na kilichotoka kilikuwa sauti ya kifaranga aliyelowa. Shule ikacheka. Wakanicheka mimi, si Naibu. Ni tofauti kubwa.

Tulipompelekea Madam habari, hakusikiliza hata nusu.

"Ulisema again mara ngapi?"

"Mbili," mama akasema.

"Ya tatu?"

"Haikuhitajika."

Madam akageuka dirishani, akavua miwani akaifuta kwa upindo wa sketi, muda mrefu. "Unga," akasema. Kisha akaingiza mkono ndani ya kyondo, akanirushia ile diski.

"Mimi? Mimi siku zote naongea!"

"Unaongea sana. Hujasema kitu."

Nikajivisha, nikasimama, nikaanza habari yangu. Kabla dakika haijaisha nilikuwa nimeteleza nikaingia kwenye sauti ya fundi wa mawe, darasa likacheka, fundi akacheka kuliko wote. Madam akatikisa kichwa. "Bado. Kaa nayo." Basi ikabaki kwenye begi langu, chini kabisa, pamoja na vipande vya chaki na biskuti za kale.

Mama amemaliza kwa Madam. Siku hizi anabishana na huduma kwa wateja kwenye simu kwa raha zake. Mimi sina kazi tena ya ukalimani, niko kama mfalme aliyepinduliwa, nakula muthokoi kama raia.

Likizo hii ya Agosti nilitumwa kwa Bi Zuhura kuchukua sketi ya shule iliyokuwa ikiteremshwa pindo. Nikaingia dukani bila kubisha. Juu ya benchi dogo, lile la watoto wanaosubiri kupimwa, alikuwa amekaa Madam. Magoti yamefika kidevuni. Daftari limefunguliwa. Bi Zuhura yuko mbele yake na pini mdomoni.

"Haya mwalimu wangu," Bi Zuhura alikuwa akisema kupitia pini, "nisimulie siku yako tangu ulipoamka. Usiwe na haraka."

Madam akapekua daftari. Jasho puani. Akaniona.

"Toka nje," akaniambia kwa Kiingereza.

"Anataka aseme neno kwenye harusi ya binti yangu," Bi Zuhura akanieleza. "Mbele ya watu wangu wa Mombasa. Nimemwambia aseme kwa Kiingereza, hataki. Asema hawezi kuwaletea wenyeji lugha ya kazi."

Wiki mbili zimebaki. Na mwanamke aliyewafanya watu wazima wasimame mbele ya askari, benki na kamati ya nidhamu, amekaa kwenye benchi la watoto na hawezi kusema aliamka saa ngapi.

Nikafungua begi. Nikachakura mpaka chini. Madam alipoiona ile mbao alijaribu kusimama lakini benchi lilikuwa la chini mno. Nikamvisha.

Alinitazama kwa Kikamba. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Bi Zuhura akaweka pini chini, akavuta kitambaa, akakanyaga pedali. Cherehani ikanguruma duka zima. "Kimya ni cha mtihani," akasema, bila kuinua macho.

"Mimi..." Madam akaanza. Akashika diski. "Mimi leo niliamuka saa kumi na moja. Nilikuwa na... niko na uoga. Hii harusi inanipatia uoga. Huyu mama ni rafiki yangu, na watu yake hawajui." Akaishia hapo. "Ni mbaya. Imevunjika."

Nilikuwa na utani kumi na mbili tayari mdomoni, pamoja na sauti zake. Sijui zilienda wapi.

"Tunakusikia, Madam," nikasema. "Endelea."

Akainua kichwa ghafla, kama aliyegongewa jiwe sikioni.

"Hiyo ni sauti ya nani?"

Nikaisikiliza. Haikuwa ya Naibu. Haikuwa ya fundi, wala ya mama.

"Ni yangu."

"Rudia."

Nikarudia, taratibu. Madam akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa sketi, muda mrefu. Nikatazama huku na huku katika duka lile la nguo. Hapakuwa na unga.